Jiko Lililonyamaza

Kundi letu halikuwa na jina, na hilo ndilo jambo la kwanza nililolipenda. Nilikuwa nimerudi Tukuyu na shahada ya sosholojia na tabia ya kuuliza maswali ambayo hakuna aliyeyaomba, nami nilikuwa nimechoshwa na makundi yenye katiba, mwenyekiti na mwekahazina. Hili lilikuwa watu wanne, meza moja na chupa ya chai. Tulikutana Jumamosi mchana, wateja wanapopungua, katika duka la steshenari la mmoja wetu pale Makandana.

Mwenye duka tulimwita Ostadhi, ingawa alikuwa akitukumbusha kwamba madrasa aliiacha kabla haijaanza kunoga. Babu yake aliuza vitambaa mjini hapa, baba yake akauza vipuri vya baiskeli, yeye anauza karatasi. Aliamini kwamba mtu mwenye printa na mashine ya kufunga kurasa kwa ringi za plastiki tayari ni mchapishaji, na kwamba hayo mengine ni majivuno ya watu wa Dar es Salaam.

"Kitabu ni nini?" alikuwa akituuliza. "Karatasi, wino, gundi. Vyote vipo hapa."

"Na mhariri?" nilimuuliza.

"Kwani ninyi mnafanya nini hapa? Mmekuja kuota moto?"

Wa pili alikuwa mtaalamu wa maabara aliyetoka Singida kwa ajira ya serikali. Watu wa mtaani walimwona na koti jeupe wakamwita Daktari, akakanusha mwaka mzima, kisha akaacha. Alilalamikia mvua ya Rungwe kana kwamba kuna mtu aliyemwahidi kwamba haitanyesha. Aliandika mashairi, mengi yakiwa juu ya Ziwa Kisiba. Ziwa hilo alikwenda kulitazama mara moja, akakuta ukungu umelifunika lote, akarudi.

"Ndiyo maana nina mashairi," alijitetea. "Ningeliona ningeandika nini?"

Wa tatu alikuwa Mwalimu, mwanamke pekee kwenye meza ile. Alifundisha shule ya msingi Mpuguso, alikuwa ametuzidi umri kidogo, na ndiye peke yake kati yetu aliyekuwa amemaliza kuandika kitabu. Mimi waliniita Msomi, na halikuwa jina la sifa.

Tulikuwa na kanuni moja tu. Mwandishi hasomi kazi yake mwenyewe. Ilianza kwa sababu ya Daktari, ambaye alisoma mashairi yake kwa sauti nzuri kiasi kwamba tulimpigia makofi, halafu tukayaona kwenye karatasi tukakuta hakuna kitu. Tangu siku ile kazi ya mtu ilisomwa na mwingine, na mwandishi alikaa pembeni akimenya parachichi au kukata ndizi, bila kusema neno na bila kutazamwa, mpaka tumalize kuzungumza.

"Wewe hapo ni marehemu," Ostadhi alimwambia kila aliyefikiwa na zamu. "Marehemu hajitetei."

Chuoni nilikuwa nimesikia jambo linalofanana na hilo kwa maneno marefu zaidi. Sikuwaambia. Mwalimu ndiye aliyeimudu kanuni kuliko sisi wote. Ungeweza kuisema vibaya kazi yake nusu saa nzima, naye akaendelea kumenya, maganda yakiingia kwenye mfuko mmoja na kokwa kwenye mwingine.

Riwaya yake tuliisoma sura kwa sura msimu mzima wa mvua. Sura ya saba ilipofika, msomaji alikuwa Daktari, na alipomaliza hata yeye hakuwa na utani.

Sura hiyo ilihusu mwanamke anayeishi kwenye uwanja mmoja na baba mkwe wake mjane. Kwetu, hasa vijijini, bado kuna nyumba ambazo mkamwana na baba mkwe hawatazamani. Hawakai chumba kimoja, hawasalimiani, wakikutana njiani mmoja anapinda kwenye migomba mpaka mwingine apite. Katika sura hiyo mzee hukohoa kabla ya kufungua mlango, ili mwanamke apate nafasi ya kuondoka uani. Mwanamke naye hapiki kimya kimya. Hugonga mifuniko, huangusha kuni, ili mzee ajue siku zote yuko wapi. Chakula hukiweka juu ya kigoda nje ya mlango wa nyuma, hugonga mfuniko mara mbili, huondoka. Miaka inapita hivyo. Anamjua mzee kwa kikohozi, kwa kandambili zinazoburuzwa, kwa namna sahani inavyorudi. Uso wake haujui. Mwisho wa sura mzee anafariki, na asubuhi ya mazishi mwanamke anaingia peke yake alipolazwa, anaifunua shuka, anautazama uso ule kwa mara ya kwanza, kwa muda mrefu, na kugundua kwamba kidevu ni kile kile cha mumewe.

Hakuna aliyemuuliza Mwalimu kama ni nyumbani kwake. Sote tulijua kwamba ni nyumbani kwake, ila mzee wa kwake alikuwa hai.

Mimi nilikuwa na maswali juu ya desturi yenyewe. Nilimuuliza mama yangu kwa nini watu wawili wanaokula chungu kimoja wasionane, akanijibu kwamba ni heshima. Nikauliza heshima ya nini. Akasema nimechelewa kuoa ndiyo maana nina muda. Jibu hilo sikuliona linatosha, na silioni linatosha hata sasa.

Wiki chache baadaye Mwalimu aliingia dukani akiwa amelowa, akasema kabla ya kukaa, "Wamekubali."

Mhariri wa kampuni moja ya vitabu ya Dar alikuwa amempigia simu. Waliitaka riwaya. Zaidi ya hapo, walitaka sura ya saba iwe ya kwanza, kwa sababu, alisema mhariri, ile shuka inapofunuliwa msomaji hawezi tena kukiweka kitabu chini. Ostadhi alisahau imani yake yote juu ya ringi za plastiki, akaruka nyuma ya kaunta akampa mkono. Daktari alipiga mluzi. Mwalimu hakucheka.

"Nimemwambia mume wangu," alisema.

Mumewe ni dereva wa lori, wakati mwingi yuko barabarani kati ya Mbeya na mpakani. Aliposikia kitabu kinahusu nini, alisema kwamba baba akikubali, kitoke. Baba asipokubali, hakitoki, na kama kitatoka hivyo hivyo, yeye hatakuwa upande wake.

"Si amuulize yeye baba yake?" alisema Daktari.

"Nimemwambia hivyo. Akaniuliza, nimwambie nini baba, kwamba mke wangu amekaa anamtazama akiwa maiti?"

Kwa hiyo hali ilikuwa hiyo. Alihitaji neno la mtu ambaye haruhusiwi kumsemesha, juu ya sura inayosema kwamba amemtazama. Mhariri alitaka jibu kabla shule hazijafunguliwa.

Nilimwambia asiombe ruhusa. Nilimwambia kitabu ni chake, maisha yaliyomo ni yake pia, na kwamba hakuna fasihi inayoweza kusimama kama kila mwandishi lazima apitie kwa wakwe.

"Umemaliza?" aliuliza.

"Nimemaliza."

"Nikitoka hapa leo narudi kulala wapi, mdogo wangu? Kwako?"

"Kwake hapafai," alisema Daktari. "Ana vitabu mpaka kitandani na hakuna alichokimaliza."

Ostadhi ndiye aliyetoa wazo. Aliuliza kama mzee anasoma. Mwalimu akasema alikuwa karani wa chama cha ushirika zamani, alisoma kila kilichofika mkononi, lakini macho sasa hayamsaidii. Siku hizi ni redio tu.

"Basi asomewe," alisema Ostadhi. "Kwa kanuni yetu. Asiambiwe nani kaandika. Ahukumu maneno kwanza. Akiyapenda, tumwambie. Asipoyapenda, hakuna aliyemkosea, ni kitabu tu cha watu huko."

Tulilipenda wazo hilo kuliko lilivyostahili. Lilitufanya tuone kwamba kanuni yetu ya dukani ina kazi duniani. Mwalimu ndiye aliyechelewa kukubali. Alimenya maparachichi mawili zaidi, akafuta mikono, akasema sawa.

Nilichaguliwa mimi kusoma. Ostadhi hakuwa na wa kumwachia duka. Daktari, walisema, angeanza kumpima mzee malaria. Babu yangu mzaa baba alikuwa rafiki wa mzee enzi za ushirika, kwa hiyo nilikuwa na sababu ya kubisha hodi. Tukaanza kuificha sura. Kijiji tulikihamishia mkoa mwingine, migomba ikawa mihindi. Kandambili tulizifanya viatu vya mpira. Kahawa ya mzee ikawa uji. Ostadhi alichapa kurasa safi, akazifunga kwa ringi, akaweka jalada la bluu lisilo na jina. Nilipolishika nilisadiki kabisa kwamba ni kitabu cha mtu nisiyemjua.

Nilikwenda Mpuguso Jumapili, watu walipokwisha toka kanisani. Bodaboda aliniacha barabarani kwa sababu ya utelezi. Nyumba ilikuwa ya matofali, na upande wa nyuma, ng'ambo ya uwanja mdogo, jiko la mbao lenye mlango unaokwaruza chini kila unapofunguliwa. Moshi ulikuwa unatoka, na sauti ya mtu anayepasua kuni. Mwalimu alikuwa ameniambia atakuwepo jikoni kama siku zote, nami nisimtafute kwa macho.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Ugonile," aliongeza salamu ya Kinyakyusa. "Wewe ndiye mjukuu wa yule mbishi?"

Nilikiri. Alicheka, akanikalisha sebuleni karibu na dirisha linalotazama uani. Alivaa sweta la kijivu na kofia ya kufuma. Nilimtazama usoni bila shida yoyote, kama mtu yeyote anavyomtazama mwenyeji wake, kisha nikajikuta nakikagua kidevu. Kilikuwa kidevu cha kawaida. Sijui nilitegemea nini.

Nilimwambia tuna kundi la vitabu mjini na tunapenda kusikia maoni ya watu waliosoma zamani. Hilo halikuwa uongo. Akasema redio yake imeishiwa betri, kwa hiyo nimefika kwa wakati. Nikaanza.

Alikuwa msikilizaji asiyetulia. Nilipofika kwenye kikohozi alinikatiza.

"Huyo mzee hana kazi nyingine? Ni wa kukohoa tu?"

"Hapo ndipo sura inapoanza, babu."

"Haya."

Baadaye kidogo, akasema, "Aliyeandika ni mwanamke."

"Umejuaje?"

"Mwanaume angesema mzee alikula nini. Huyu anasema sahani ilirudi vipi."

Niliendelea kusoma, nikijitahidi nisionyeshe kitu. Miaka ilikuwa inapita katika sura, mfuniko unagongwa, sahani zinakwenda na kurudi. Mzee aliinua mkono.

"Ngoja kwanza."

Nikangoja. Matone yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye migomba. Kuku mmoja alipita chini ya dirisha.

"Unasikia nini?" aliniuliza.

"Sisikii kitu."

"Hata mimi." Aligeuza uso kidogo kuelekea dirishani, si kutazama, bali kusikiliza. "Yule mama wa jikoni hajawahi kunyamaza tangu alipoolewa hapa. Akiwa mle ndani kuna kelele. Pakiwa kimya, ametoka. Lakini hakutoka, maana ule mlango unakwaruza, na haujakwaruza. Amekaa mle. Amenyamaza tangu ulipofungua hicho kitabu."

Tulikuwa tumebadilisha mkoa, mazao, viatu na kinywaji. Hakuna kati yetu aliyewaza kwamba Mwalimu, kazi yake inaposomwa, atafanya kile alichokizoea dukani kila Jumamosi. Alikaa kimya kama marehemu. Na hiyo ndiyo nyumba pekee ninayoijua ambamo kimya cha jikoni ni habari.

"Endelea," alisema mzee.

Ningeweza kuishia pale. Kurasa mbili za mwisho zilikuwa bado, za msiba na shuka, na nilifikiri kuziruka na kusema kitabu hakijaisha. Nikazisoma. Nadhani nilizisoma kwa ukaidi zaidi ya ujasiri. Nilitaka kuona kitakachotokea.

Mzee akaanza kusema, na maneno aliyaelekeza kwangu, lakini sauti aliipandisha na uso akauelekeza dirishani, kama mtu anayemsemesha jirani ng'ambo ya ua.

"Kijana, ukimwona aliyeandika, mwambie hivi. Kikohozi amekiandika vizuri. Lakini mvua ameisahau. Mzee akishakohoa, anangoja. Kama mvua inanyesha na huyo mama yuko uani anaokoa nguo au moto, mzee anasimama nyuma ya mlango mpaka amalize. Siku nyingine miguu inauma. Hilo aliyeandika hakulijua, kwa sababu yeye alikuwa upande wa nje."

"Nitamwambia."

"Mzee anakufa. Sawa. Kufa kitabuni sikatai."

"Lakini?"

"Asinifunue." Alisema hivyo hivyo, na hakujisahihisha. "Siku zote hizi nimekohoa, nimegeuka, nimengoja. Halafu ifike siku ambayo siwezi kugeuka, ndiyo anitazame? Hapana. Akiliondoa hilo, kitabu kitoke, hata aseme ni Mpuguso. Asipoliondoa, nisisikie habari zake."

Kimya kilikuwepo bado jikoni. Kisha kuni moja ilianguka chini, kwa makusudi, na baada yake nyingine.

"Ndaga fijo," mzee aliniambia kwa sauti yake ya kawaida, akanishukuru kana kwamba nimemletea barua. "Salimia nyumbani."

Jumamosi iliyofuata tulibishana mpaka Ostadhi akafunga mlango nusu. Mimi nilisema huo ni udhibiti, hata kama umekuja kwa adabu. Nilisema mzee ameachiwa kitabu kizima akachagua kukikata pale pale penye uhai. Daktari alikuwa upande wangu.

"Mhariri kakipendea ile shuka," alisema. "Ukiitoa shuka, unabaki na mtu anayekohoa. Wagonjwa wa hivyo ninao kazini."

"Na wewe ungekubali?" Ostadhi alimuuliza. "Aje mtu aandike umelala uchi maabara?"

"Nani kasema uchi? Ni uso!"

"Kwake yule ni sawasawa."

Mwalimu alikuwa anamenya, ingawa hakukuwa na kazi yake iliyosomwa siku hiyo. Tulipochoka, aliweka kisu chini.

"Mnajua kilichonikaa? Si shuka. Ni mvua," alisema. "Nimeishi pale nikijua kwamba anayengoja ni mimi. Nimeandika kitabu kizima juu ya jambo hilo."

"Kwa hiyo sasa unaikubali desturi?" nilimuuliza.

"Sijui kama naikubali. Naijua. Wewe huijui wala huikubali, ndiyo maana inakuwia rahisi."

Nilikuwa na jibu, refu pia, ila Daktari alinipa kipande cha parachichi nikakitia mdomoni.

Mwalimu alimpigia mhariri pale pale, akatoka nje kibarazani kuzungumza. Tulimwona kupitia kioo akisikiliza kuliko kusema. Aliporudi alituambia kwamba bila kufunuliwa kwa uso mhariri hana hakika na nafasi ya sura hiyo mbele, na kusema kweli hana hakika na nafasi ya kitabu chenyewe mwaka huu. Aandike mwisho mwingine, waone. Hakuahidi kitu.

"Mwambie nitakufungia mimi kwa ringi," alisema Ostadhi, na safari hii hakuwa anatania.

Mwalimu hakuja Jumamosi mbili zilizofuata. Ya tatu alikuja na kurasa ndani ya bahasha, akanikabidhi mimi nisome, akachukua kisu. Alikuwa ameirudisha migomba na kandambili na kahawa. Mvua aliiweka. Si mara moja, bali katikati ya sura, sentensi chache tu, za mtu aliyesimama nyuma ya mlango akiegemea ukuta kwa sababu ya miguu, na mwanamke upande wa pili anayefikiri hakuna mtu.

Asubuhi ya mazishi wanawake wanaingia kuaga. Yeye haingii. Anabaki jikoni na sufuria za waombolezaji. Mchana, saa ya chakula cha mzee, anapakua sahani, anaiweka juu ya kigoda, anagonga mfuniko mara mbili, anakwenda pembeni na kugeuka. Anasimama amegeuka hivyo, akisikiliza kama mlango utafunguliwa, mpaka mtu anamwita kutoka uani. Basi, inaishia hapo.

Mteja mmoja aliingia wakati huo akauliza kama tunatoa kopi ya kitambulisho. Hakuna aliyemjibu. Akauliza tena, Ostadhi akanyanyuka bila kusema, akamtolea, akarudi kukaa.

"Mimi naipenda ya kwanza," nilisema mwishowe, maana niliona ni lazima mtu aseme. Nilisema ile ya kwanza ilikuwa na ujasiri wa kutazama. Daktari, ambaye nilimtegemea, alikuwa anapangusa miwani yake kwa muda usio wa kawaida.

"Umekuwa mbishi kama babu yako," alisema. "Yule mzee alikuambia."

Mwalimu aliniuliza kama kuna neno limekaa vibaya. Nilitaja mawili. Moja alilibadilisha.

Kampuni ilikichukua kitabu. Sura ya saba waliiacha mahali pake, ya saba, na mbele wakaweka sura ya harusi ambayo sote tuliiona dhaifu. Kulipita muda mrefu wa simu na ahadi, kiasi kwamba Ostadhi alipata nafasi ya kueleza mara nyingi kwamba yeye angekuwa ameshakitoa. Nakala za kwanza zilipofika kwa basi tulizifungulia dukani. Jalada lilikuwa na mwanamke wa kuchorwa, kanga mbili, na nyuma yake minazi mitatu na mchanga mweupe.

"Hapa ni wapi?" Daktari aliuliza.

"Mpuguso," alisema Mwalimu.

"Ufukweni?"

Mwalimu alicheka mpaka akakaa chini. Sijawahi kumwona akicheka vile. Ostadhi alikuwa amekifungua kitabu katikati, anakipinda mgongo na kukinusa. "Gundi mbovu," alitoa hukumu. "Kurasa zitatoka kabla ya Krismasi." Kisha akazipanga nakala kumi mbele ya kaunta, mahali ambapo huweka kalamu, na hakumruhusu mteja yeyote kuzigusa kwa mikono yenye wino.

Siku chache baadaye mume wa Mwalimu alinipigia simu kutoka njiani. Hatukuwa tumewahi kuzungumza. Alisema baba anauliza kama yule mjukuu wa mbishi bado anasoma.

Nilikwenda Jumapili. Mzee alikishika kitabu kwa mikono miwili, akapapasa jalada.

"Wamechora nini?"

"Minazi, babu."

"Mi nini?"

"Minazi. Ni watu wa Dar."

Alitikisa kichwa kwa huruma, nadhani kwa watu wa Dar. Akasema niende moja kwa moja kwenye sura ya kikohozi, hayo mengine atayasikia siku nyingine. Niliitafuta sura ya saba, na kabla sijamaliza sentensi ya kwanza, jikoni kulianza.

Mfuniko ulianguka. Maji yalimwagwa kwenye ndoo kutoka juu. Mtu alianza kutwanga, na kwa jinsi kinu kilivyolia nina hakika hakikuwa na kitu ndani. Kuni zilipasuliwa, sufuria zikahamishwa, mlango ukakwaruza ukifunguliwa na kukwaruza ukifungwa. Nilisoma juu ya kelele hizo nikijitahidi. Kwenye mvua, mzee alisema, "Hapo rudia," nikarudia. Kinu hakikupumzika. Nilipokaribia mazishi sauti yangu mwenyewe nilikuwa siisikii vizuri, nikakiweka kitabu magotini.

"Nimwombe apunguze kidogo?"

Mzee alikuwa amekaa wima, mikono juu ya fimbo, uso ukiwa dirishani.

"Hapana," alisema. "Wewe ongeza sauti."